Mti wa Mkubwa Kwenye Jicho la Maji

Juzi mjukuu wangu Naliaka, ambaye yuko Gredi ya Nane, aliingia jikoni kwangu na ufagio mpya kabisa, karatasi ya bei bado imebandikwa kwenye mpini.

"Kukhu, twende soko unipige picha."

"Picha ya nini?"

"Ni project ya kuhudumia jamii. Mimi nikifagia soko."

"Utafagia soko lote?"

"Aai, Kukhu! Picha tatu tu. Mwalimu anataka evidence."

Nilikwenda. Nilimpiga picha zake tatu, akiwa ameinama vizuri na tabasamu lake. Halafu nikamshika mkono nikampeleka kwa mama mmoja wa mboga, nikamwambia amuulize kama soko lilikuwa chafu. Mama akamtazama mtoto, akatazama ufagio, akasema kwa upole, "Mwanangu, soko hufagiwa asubuhi mapema, na sisi wenyewe. Kama mlitaka kutusaidia, si mngetuzibulia huo mtaro? Mvua ikinyesha tunauza tukiwa ndani ya maji." Naliaka akautazama mtaro. Ulikuwa umejaa matope meusi, maganda ya ndizi na kiatu kimoja. Akanipa ufagio.

Sasa nyinyi wenzake Naliaka, pamoja na walimu wenu vijana mliokabidhiwa somo hili na mtaala mpya, nawaandikia nyinyi. Sikasiriki na picha. Nakasirika na ufagio unaotoka dukani kabla ya mtu kuulizwa chochote. Mimi nilifundisha darasa la sita, la saba na la nane, watoto wa umri wenu hasa, katika shule moja upande wa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Ilikuwa miaka ya chama kimoja, mfumo wa 8-4-4 ukiwa bado mchanga, kila mzazi akilalamika kwamba mtoto anatumwa mkonge na gundi na mbao kila siku. Masomo yangu yalikuwa Hesabu na Kilimo. Hiyo kazi yenu yenye jina refu sisi tuliiita kazi ya Ijumaa, kwa sababu ilifanywa Ijumaa alasiri, baada ya maziwa ya shule kunywewa na kabla ya mwalimu wa zamu kupuliza firimbi ya kwenda nyumbani.

Aliyenifundisha kazi ya Ijumaa ni naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Kirwa. Alikuwa mtu mrefu, mkali, mwenye koti moja la kahawia ambalo sijawahi kuliona limetolewa mwilini hata kwenye jua la Januari. Na yeye alifundishwa na magugu.

Karibu na shule aliishi bibi mmoja mjane ambaye sote tulimwita Gogo, kama Wakalenjin wanavyomwita nyanya. Mahindi yake yalikuwa yamezidiwa, na Kirwa akaona hiyo ni kazi nzuri ya darasa la saba. Akawapanga watoto kwenye mistari, jembe kwa jembe, akatoa amri: "Ng'oeni kila kitu ambacho si mahindi!" Watoto wakalima kama wamewashwa moto. Ilipofika saa ya kwenda nyumbani shamba lilikuwa safi kama sakafu, na kando yake kumewekwa lundo lililopangwa vizuri. Gogo akatoka nyumbani kwake na shukrani zake zote mdomoni, akafika kwenye mpaka, akasimama.

"Kirwa, na mboga yangu iko wapi?"

Lile lundo lilikuwa managu na sageti, mboga zinazojiotea katikati ya mahindi, ambazo bibi alikuwa akizitunza msimu wote. Ndizo alizokula na ndizo alizouza. Kirwa akawageukia watoto.

"Hamkujua hiyo ni managu?"

"Tulijua, Mwalimu."

"Nyote?"

"Sote, Mwalimu."

"Sasa mbona mkang'oa?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwalimu, ulisema kila kitu."

Kirwa akakaa chini juu ya lile lundo, na koti lake. Gogo ndiye aliyecheka kwanza. Akawaambia watoto wabebe zote kabla hazijanyauka, na usiku huo Kiplombe nzima ilikula managu ya Gogo, pamoja na mimi. Ofisini walimu wengine walicheka hadi machozi yakawatoka. Kirwa hakucheka. Ijumaa iliyofuata alipita darasa kwa darasa akiwaambia watoto kwamba kuanzia siku hiyo hakuna jembe kabla ya swali, na kwamba mtoto akiona mwalimu anaelekea kukosea na asiseme, wataadhibiwa wote wawili. Watoto hawakumwamini. Zama hizo hata mtu mzima hakusema. Ukiwa kwenye baraza na mkubwa akauliza kama kuna swali, ulijua jibu ni kupiga makofi.

Hebu niwape ufundi wake, maana ni ufundi hasa. Kirwa aliwatuma watoto wawili wawili, mikono mitupu. Ukienda na jembe begani mtu atakupa kazi ya jembe, hata kama shida yake ni paa. Aliwakataza kuuliza, "Tukusaidie nini?" Mkimuuliza mtu hivyo, kwa adabu atawaambia, "Hapana, asanteni, Mungu awabariki," au atawaomba blanketi. Uliza, "Ni nini kinakusumbua?" kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, hasa kwa watu wa umri wenu. Na mrudi tena saa nyingine ya siku, kwa sababu anachowaambia mama asubuhi akiwa peke yake sicho atakachowaambia jioni mzee akiwa amekaa pembeni.

Nilitumia ufundi huo kwa uzito mara ya kwanza kwa sababu ya msichana mmoja aliyechelewa.

Jina lake Jebet, darasa la saba. Kichwa chake kilikuwa chepesi kwa hesabu na mwandiko wake mzuri, lakini alianza kuchelewa siku moja, siku mbili, hadi ikawa kila siku. Mwalimu wa zamu alimchapa wiki nzima bila mabadiliko. Wiki iliyofuata zamu ikawa yangu. Nilipomwona akiingia langoni, sketi imelowa hadi magotini, nilimwita kando nikamuuliza kama Kirwa alivyotufundisha: ni nini kinakusumbua? Kisha nikanyamaza.

Alichelewa kwa sababu ya maji. Chini ya shule kulikuwa na chemchemi iliyotegemewa na kijiji kizima na shule yenyewe. Zamani, akina mama walisema, mtungi wako ulijaa kabla hujamaliza kusalimiana na jirani. Sasa maji yalitoka kidogo kidogo, foleni ilianza gizani, na mama yake Jebet, ambaye alikuwa na mtoto mchanga, alimtuma mtoni. Mto ulikuwa mbali. Baba yake alikuwa amekwisha kusema kwamba ikiwa ni kwenda shule ili apigwe kila siku, basi heri akae nyumbani abebe maji, mwaka wa nane wa shule usubiri.

Nilihisi aibu kwa niaba ya shule nzima. Tulikuwa tunamchapa mtoto kwa kosa la chemchemi. Siku hiyo niliamua kwamba Jebet atafanya mtihani wa darasa la nane na chemchemi ile itapona, na kwamba hayo mawili ni jambo moja.

Tukaanza na swali. Darasa la saba likaenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, na kila walikoenda walisikia neno lile lile likisemwa kwa sauti ya chini: maji yalianza kupungua miti ilipopita kichwa cha mtu.

Miti yenyewe ilikuwa mikaratusi, ile tunayoiita blugamu. Ilipandwa kabla sijafika shuleni pale. Siku hiyo, niliambiwa, lori lilileta miche, wanafunzi wakaipanga kwa duara kuizunguka chemchemi, nyimbo zikaimbwa, na mkubwa mmoja wa serikali akapanda mche wa kwanza kwa mkono wake, hapo hapo juu ya jicho la maji. Ukazungushiwa ua wa mbao, na kibao kikapigwa misumari kikiwa na jina lake na cheo chake. Kila mwaka kibao kilipakwa rangi upya. Mtu asiyejua angedhani kuna mtu amezikwa pale.

Kama hamjui blugamu, jueni hivi. Ni mti mzuri wa nguzo, wa kuni na wa kukausha kinamasi. Ukiwa na bwawa usilolitaka, panda blugamu. Hunywa maji kama ng'ombe aliyetoka kiangazini, na mizizi yake huyafuata yalipo. Pale mahali pake pa haki ni rafiki. Juu ya jicho la chemchemi ni kama kumfunga huyo ng'ombe ndani ya tangi.

Lakini kusema na kujua ni vitu viwili, na mimi ni mwalimu wa Hesabu. Niliwaambia watoto tupime. Tulikuwa na mtungi mmoja lakini hatukuwa na saa. Msichana mmoja, Halima, binti wa mwenye duka la nguo mjini, aliyekuwa akiishi Kiplombe kwa shangazi yake, akainua mkono.

"Madam, si tuimbe table? Ya mara mbili, halafu mara tatu, tuone mtungi inajaa tukiwa wapi."

Tukafanya hivyo kila Ijumaa. Halima alipiga jiwe kwa jiwe ili mwendo usibadilike, na darasa zima likakariri majedwali ya kuzidisha mbele ya mtungi. Walikuwa wanamaliza mara kumi na mbili, wanarudi kuanza mara mbili, mtungi bado. Jebet akasema kuna chemchemi nyingine ng'ambo ya kilima, ndogo, isiyo na miti ile. Tukabeba mtungi wetu huko. Ulijaa kabla hawajamaliza mara nne. Wapita njia walidhani nimewatia watoto wazimu. Mwisho wa muhula, hata mtoto aliyekuwa wa mkia katika Hesabu aliyajua majedwali yote kwa usingizi.

Nilikwenda kwa chifu. Chifu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na mimi nimejifunza kutowachanganya hao wawili. Alinisikiliza akizungusha kifimbo chake, halafu akasema, "Madam Nekesa, huo mti iko na jina ya mtu juu yake. Wewe unataka nikate jina?"

"Nataka tukate mti, Mzee."

"Ni kitu moja."

Kirwa aliniambia maneno hayo hayo kwa njia yake. Alinisubiri hadi walimu wote walipotoka. "Ukisema mti wa mkubwa ni mbaya, kuna mtu atasikia umesema mkubwa ni mbaya. Atapeleka hivyo. Una watoto wako, Nekesa."

"Na Jebet ni wa nani?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la lile koti, akaivaa tena. Baadaye akasema, "Basi fanya jinsi tunavyofanya. Swali kabla ya jembe."

Sikumwelewa mpaka mkubwa mwenyewe alipotarajiwa kuja. Chifu ndiye aliyemwalika, kwa hesabu zake: aliona njia nzuri ya kuzima maneno ni kumleta mwenye mti auone ulivyokuwa, apigiwe makofi, jambo liishe. Shule ikaagizwa kutoa kwaya. Chifu alikuja kusikiliza wimbo mapema, akauondoa ubeti mmoja uliotaja maji, akatufundisha na mwenendo: mgeni akimaliza kuzungumza atauliza kama kuna mwanafunzi mwenye swali, na nyote mtasema kwa sauti moja, "Hatunaaa!" Akawafanyisha mazoezi. Watoto wakaitikia vizuri sana.

Usiku huo sikulala vizuri, sitawadanganya. Asubuhi niliwaambia darasa la saba jambo moja tu: "Leo mgeni akiuliza swali, mimi sitawaambia mseme nini. Mnakumbuka managu ya Gogo?" Ilikuwa hadithi ya shule nzima, hata waliokuwa hawajaanza shule wakati huo waliijua. Wakasema wanakumbuka.

Mgeni akaja pale chemchemini na gari lake na askari wake. Alikuwa mnene kiasi, mcheshi, viatu vinang'aa. Kwaya ikaimba. Akatazama mti wake ulivyopanda juu, akafurahi kweli, akaugusa kwa kiganja. Akahutubia kuhusu umoja, bidii na kupanda miti. Kisha akasema, kama walivyosema wote, "Haya, kuna mwanafunzi ako na swali?"

Madarasa mengine yakapiga kelele, "Hatunaaa!" Darasa la saba likanyamaza. Katika ule ukimya Jebet alikuwa ameinua mkono.

Kifimbo cha chifu kikasimama hewani. Mgeni akashtuka kidogo, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona mkono huo. "Ndiyo, msichana. Sema."

"Mzee, shikamoo. Nilikuwa nauliza, hii mti yako ulikuwa unataka ituletee nini?"

"Swali mzuri sana! Maji. Mti unaleta mvua, mvua inaleta maji." Makofi yakapigwa.

"Asante, Mzee. Basi tunaomba ungoje na sisi mtungi moja ijae."

Halima alikuwa tayari ameuweka mtungi chini ya paipu inayotoa maji ya chemchemi. Akagonga jiwe kwa jiwe, na darasa la saba, wakiwa wamesimama wima kama wako paredi, wakaanza: mbili mara moja, mbili. Mgeni alitabasamu, akidhani ni burudani. Mara tatu, bado alitabasamu. Walipofika mara sita akaanza kuutazama mtungi. Jua lilikuwa kali. Akina mama waliokuwa wamekaa nyuma kwenye nyasi wakasimama mmoja mmoja, wakasogea, wala hakuna aliyewaita. Mara tisa. Viatu vyake vinavyong'aa vilianza kuzama kwenye matope, hakuvitoa. Mara kumi na mbili ikaisha. Watoto wakavuta pumzi wakarudi mara mbili, na hapo ndipo tabasamu lilipomtoka. Hakuna aliyemweleza chochote. Alingoja mpaka mtungi ukajaa, na ninampa heshima yake kwa hilo hadi leo, maana angeweza kuondoka.

"Nani mwalimu ya hawa watoto?"

"Ni mimi, Mzee."

Alinitazama. Niliwaza watoto wangu wawili, niliwaza mshahara, niliwaza gari lile lenye askari. Kisha akasema, si kwa sauti ya hotuba, "Mimi siku hiyo nilipewa mche na koleo. Shimo nilikuta limechimbwa."

Akamgeukia chifu. "Huu mti nimeuona leo. Siku nikirudi, sitauliza iko wapi." Akapanda gari lake akaenda.

Chifu alibaki akiyatafuna maneno hayo, akayapindua huku na huku, akayaogopa pande zote. Akina mama hawakuyatafuna. Mama yake Jebet, mtoto mgongoni, alikuwa wa kwanza kusema, "Tumesikia wote. Leteni msumeno." Ijumaa iliyofuata walikuja wazazi ambao sijawahi kuwaona kwenye mkutano wa shule. Kirwa ndiye aliyeshika upande mmoja wa msumeno mkubwa, na siku hiyo, mashahidi ninao, alivua koti. Baba wa Halima alituma kamba kutoka mjini ili miti ivutwe ianguke mbali na jicho la maji. Chifu hakutokea, lakini kibao kilikuwa kimeng'olewa usiku na misumari yake imenyooshwa ikawekwa juu ya jiwe. Alikibeba kwake. Nasikia alikifanya mlango wa banda la kuku, akiwa amegeuza maandishi ndani.

Nyinyi mnaosoma hii mtadhani ndiyo mwisho. Picha tatu, evidence, alama. Blugamu haifi kwa msumeno. Ukiikata leo, baada ya mvua ya kwanza kisiki kinatoa machipukizi laini, ya kijani kibichi, mazuri kutazama, na ukiyaacha msimu mmoja una miti mitano pahali pa mmoja, na mizizi ile ile ya zamani inainywesha. Unatakiwa kumenya gome la kisiki hadi chini ya udongo, halafu uvunje machipukizi kwa mkono yakiwa bado laini, usiyakate kwa panga, maana panga huacha jicho litakaloota tena. Urudi uvunje. Urudi tena. Kisiki hufa kikichoka, na kinachoka polepole. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na haina picha.

Na mimi sikuipata nafasi ya kuirudia. Kabla ya muhula kwisha nilipewa uhamisho kwenda shule iliyoko chini katika bonde la Kerio, niripoti mara moja. Hakuna aliyeniambia ni kwa sababu ya mti. Hakuna aliyeniambia si kwa sababu ya mti. Nililia, nikapanga vyombo, nikalia tena. Sikulilia bonde, watu wa kule walinipokea vizuri na embe zao. Nililia kwa sababu machipukizi ya kwanza yalikuwa yameshatoka, na darasa lile la saba lilikuwa linapanda darasa la nane, mwaka ambao mtoto hafikirii kitu ila mtihani. Nilijua vizuri jinsi kazi za shule zinavyokufa. Mwalimu akihama, zinahama naye. Nilimwambia Jebet, "Wewe soma." Sikuthubutu kumwambia lingine.

Kule bondeni habari zilikuwa za shida. Kirwa aliniletea salamu mara moja kupitia mtu: Jebet amefanya mtihani, amepita, ameitwa sekondari ya bweni. Nilicheza ngoma peke yangu nyumbani. Lakini kuhusu maji salamu hazikusema kitu, na Kirwa mwenyewe akastaafu akaenda kwao. Halima naye alirudi mjini kwa wazazi. Nikahesabu walioondoka, nikaona hakuna aliyebaki wa kuvunja machipukizi.

Misimu kadhaa ya mvua ikapita. Likizo moja ya Agosti nikawa Eldoret kwa shughuli za familia, na miguu ikanipeleka Kiplombe bila kuniuliza. Niliogopa kushuka ile njia. Nilijitayarishia kuona msitu.

Nilisikia sauti za watoto kabla sijaona chochote. Walikuwa kama kumi, wa darasa la sita au la tano, wa likizo, wasio na sare na wasio na mwalimu. Nyuso zote ngeni kwangu. Walikuwa wamechuchumaa kwenye visiki wakipekua udongo kwa vidole. Visiki vilikuwa vyeusi, vimeoza, ukivipiga teke vinamomonyoka, na bado walikuwa wanatafuta kama kuna chochote cha kijani. Nikamuuliza mvulana mmoja nani amewatuma.

"Hakuna."

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunaangalia tu isirudi."

Hakujua mti gani, wala wa nani. Alijua tu hautakiwi kurudi. Nilitaka kumwambia kila kitu, kwamba mimi ndiye, kwamba hapa ndipo palikuwa na kibao na pale ndipo mkubwa alisimama. Nikasogea juu kidogo nione maji yanavyotoka, macho yamejaa, na sikuangalia ninapokanyaga.

"Mama!"

Alikuwa msichana mdogo, pengine wa umri wa miaka kumi, ameshika kiuno. Sijawahi kumwona maishani, wala yeye mimi.

"Mama, samahani, ulikuwa unataka nini hapo?"

"Nilikuwa naangalia maji tu, mwanangu."

"Basi shuka uangalie kutoka huku. Hapo ndio maji inatokea. Ukikanyaga, watu chini wanachota matope."

Wenzake wote walikuwa wameacha kazi, wananitazama wakingoja. Nikasema nisamehewe, nikavua viatu, nikashuka.